Siku ya Kwanza Baada ya Eda

Baba alifariki Februari 2013, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba jijini Nairobi. Nilishuka Mombasa kwa basi la usiku, tukazika, tukakaa matanga, na baada ya wiki mbili nikarudi darasani. Mama akabaki chumbani kwake kukaa eda ya mjane wa Kiislamu, miezi minne na siku kumi.

Wakati ule tulifundishwa kutambua maradhi ya akili kwa mwongozo wa DSM-IV, uliotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani. Dalili za sonona ni tisa. Mtu akiwa na tano kwa muda wa wiki mbili, na mojawapo ikawa ni huzuni au kutoonja raha ya kitu chochote, huhesabiwa mgonjwa. Mfiwa alipewa nafasi ya miezi miwili: ndani ya muda huo, kwa kawaida, asihesabiwe.

Niliporudi nyumbani mwisho wa Aprili, miezi miwili ilikwishapita. Mama alikuwa na huzuni, tena amekonda. Aliamka saa tisa usiku asipate tena usingizi. Alichoka kwa kazi ndogo, na ukimuuliza jambo alichelewa kujibu. Nikiwa nimekaa naye mkekani nilihesabu kimoyomoyo, nikafika tano. Nikarudi Nairobi nikamwambia msimamizi wangu kwamba mama ni mgonjwa.

Hakunibishia. Aliniuliza tu: Mama hucheka? Akitajiwa marehemu huwaje? Nafsi yake huisemaje? Nani huingia mle chumbani?

Majibu yote nilikuwa nayo, na sikuyatia katika hesabu yangu. Kila alasiri wanawake wa mtaani waliingia. “Makiwa.” “Tunayo.” Birika la chai likaletwa, na sahani ya mahamri. Mama alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, na hata katika eda sindano haikumtoka vidoleni. Alishona huku akisikiliza. Siku moja shangazi alikumbusha jinsi baba alivyokuwa akivutana na muuza samaki juu ya bei ya changu, na mwisho akalipa zaidi ya alichoambiwa. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Haukupita muda akalia, na wenzake wakanyamaza naye.

Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, majonzi ni maji ya bahari, hujaa na kupwa; sonona ni maji yaliyojaa yakakataa kupwa. Tena mwenye majonzi humlilia aliyeondoka, lakini mwenye sonona mara nyingi hugeuka akajidharau mwenyewe.

Mei mwaka huohuo, mama akiwa bado ndani ya eda, ikatoka DSM-5, toleo jipya la mwongozo ule, na ile miezi miwili ya mfiwa ikafutwa. Darasani tuligawanyika. Wengine walisema sasa kila aliyefiwa atapewa vidonge. Wengine walisema mfiwa naye ni binadamu, huweza kuugua, na kumnyima tiba kwa sababu ya tarehe ni kumdhulumu. Mimi, kwa yale niliyoyaona nyumbani, nilisimama na wale wa kwanza.

Muhula huohuo tulisoma habari za J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Lakini mtu aliyepelekwa hospitali zama zile alikuwa ni yule aliyewasumbua wengine. Mwenye huzuni ya kimya alibaki chumbani kwake, hakuna aliyemhesabu. Mwaka 1979 watafiti Orley na Wing walitoa matokeo ya utafiti wao katika vijiji viwili vya Uganda, na huko sonona ilionekana kwa wingi kuliko Camberwell, London. Nilimkasirikia sana Carothers, bila kujua kwamba nami nilikuwa karibu kufanya kosa lake.

Eda ilimalizika Juni. Mama alioga, akavaa nguo mpya, nyumba ikajaa watu, kisomo kikasomwa. Kesho yake hakuja mtu. Wala kesho kutwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Muda uliowekwa ulikuwa umetimia, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Nilishuka tena Agosti. Dirishani palikuwa na kofia ileile ya mwezi wa Aprili, mshono umeishia nusu ya duara, na sindano iliyochomekwa humo imeshika kutu. Nilimtajia baba, mama hakulia wala hakutabasamu. Kisha akasema, “Mimi sina faida tena, mwanangu. Nawapa kazi bure.”

Safari hii sikuhesabu dalili. Tulimpeleka kwa daktari, akaandikiwa dawa, na kila wiki akawa anaonana na mtaalamu wa kuzungumza naye. Shangazi na jirani wawili wakarudi kuja alasiri kama zamani. Ilichukua miezi, lakini mama alipona.

Mwongozo ule haukukoma kubadilika. Toleo la 2022 limeongeza ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, unaohesabiwa kwa mtu mzima baada ya miezi 12. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa ICD-11, limeweka miezi sita, na kutaka mila na dini ya mfiwa zitazamwe kwanza. Navitumia vitabu hivi kila siku na ninavithamini. Lakini kwa mama vilinipa idadi ya dalili. Eda ilinipa watu wa kumtazama akicheka na akilia. Na yote mawili yalihitajika ili ajulikane lini ana majonzi na lini anaumwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kuhani, usiishie matangani. Hesabu miezi minne na siku kumi, kisha urudi kesho yake. Kaa mkekani, mtaje marehemu, na umsikilize mfiwa anavyojisema mwenyewe. Akikwambia hana faida tena, usimwambie asubiri. Mshike mkono umpeleke hospitali.