Mashuani kutoka Nyamisati

Tuliondoka Kibiti baada ya sala ya Alfajiri, kwani maji ya delta hayamngoji mtu. Nyamisati tulipanda mashua pamoja na mama mmoja, miongoni mwa wale waitwao WAVIU washauri: watu wanaoishi na VVU, wanaowafuata wenzao waliokosa siku ya dawa. Jina lake hatulitaji.

Maji yakipwa, vijito vya mikokoni hugeuka tope, na aliyekosa mashua hukosa kliniki. Sisi wa nchi kavu tulikuwa tukiita huo ukaidi. Mama huyo hubeba kapu la vitumbua ili majirani wamdhanie mchuuzi. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake. Kwake yeye ni amana kabla ya kuwa sheria.

Alitusimulia, bila jina wala kijiji, habari za mtu aliyeacha dawa Ramadhani akihofia saumu yake. Wengi siku hizi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, na kliniki ikamwelekeza akimeze baada ya futari.

"Ustadhi, hilo mlipaswa kulisema ninyi mimbarini."

Tulinyamaza. Kamati yetu ilikuwa imetenga mchele wa sadaka kwa wagonjwa, nasi tulikuwa tumekuja, tukiri, kumwomba orodha. Alicheka kidogo, akalifunika kapu lake.

"Mchele nipeni. Majina niachieni mimi."

Magunia yalivuka wiki iliyofuata. Daftari la kamati lina idadi yake tu.