Bangili ya Nyanya Si Sufuria
Kijiko cha kale cha fedha kutoka Denmark hubeba alama ya sonara wake. Bangili aliyotuachia nyanya hapa Isiolo haina alama yoyote. Karo ilipotubana, mnunuzi alidai ni alumini tu.

Sumaku haikutusaidia, kwani haivuti alumini wala fedha. Shahidi ni uzito: fedha huzidi alumini ya ukubwa uleule karibu mara nne. Bangili ile ililemea kiganja. Tukauza mbuzi, yenyewe ikabaki.

Tarehe nayo isikudanganye. Sarafu za Maria Theresa zilizoenea Ethiopia huandikwa 1780, hata zilizotengenezwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki.

Waulize wazee wako mapema: pambo hili lilifuliwa na nani? Jibu lao liandike.