Sungura Aliyehamishwa

Huko Florida, Marekani, katika bustani ya burudani ya Disney, palikuwa na mlima wa kutengenezwa ulioitwa Splash Mountain. Tangu 1992 watu walipanda vyombo mfano wa mitumbwi, wakatazama vituko vya sungura mjanja, kisha wakaporomoka na maji kwa mayowe. Vituko hivyo vilitoka katika filamu ya 1946 iliyolaumiwa kwa kuyapamba maisha ya Weusi mashambani.

Mlima ulifungwa 2023. Mwaka 2024 ulifunguliwa ukiwa wa Tiana, binti mfalme wa kwanza Mweusi katika filamu za Disney. Wapenzi wake waligawanyika: hawa walishangilia, wale walitia saini malalamiko, na wapo waliouza maji ya mlima ule chupani.

Siwacheki. Mtu hulilia utoto wake. Filamu nayo ilistahili kuachwa. Lakini sungura yule hakuzaliwa na filamu. Watumwa ndio waliomsimulia, na asili yake ni Afrika. Ni ndugu wa Sungura wetu. Wala hahitaji mlima, ila babu wa kusimulia na mjukuu wa kusikiliza. Hilo ndilo linitialo hofu, msomaji: kwetu hakuna aliyemfukuza, na bado anatoweka.