Wasifu wa Mhusika katika Mchezo Usioandikwa

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tuliisoma skuli, tukaitungia mashairi na kuitumia mara nyingi katika hotuba. Lakini maana yake tuliifahamu siku tulipotakiwa kuwaandikia vijana wa Jadida, mjini Wete, karatasi nane za mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuigiza papo kwa papo, usiokuwa na maneno yaliyoandikwa. Kila mchezaji hupewa wasifu wake: karatasi moja inayomweleza yeye ni nani, anataka nini, anamwogopa nani na ana siri gani. Karatasi ya mwenzake haioni. Wakishaingia mchezoni hakuna wa kuwanong'oneza, na mwisho wa mambo haujulikani hata kwa mwandishi.

Wako watakaodhani kwamba jambo hili ni la kigeni. Ni kweli kwamba huko Ulaya michezo ya namna hii ina vyama vyake. Mwaka 1982 watu wa Uingereza walianza kuicheza katika ngome ya Peckforton, na tangu mwaka 1997 waandishi wake wa nchi za kaskazini ya Ulaya hukutana kila mwaka kushauriana. Lakini pwani yetu haikungoja kufundishwa kuvaa nafsi nyingine. Katika ngoma ya Beni, ambayo mwanahistoria T. O. Ranger aliitungia kitabu mwaka 1975, watu wa kawaida walijitwalia vyeo vya mfalme, jemadari na daktari, na chama kizima kikaviheshimu. Sisi tulibadili mavazi tu.

Tulichagua jambo analolijua kila mtoto wa Pemba, nalo ni karafuu. Kwa miaka mingi zao hili lilikuwa na mnunuzi mmoja tu kwa mujibu wa sheria, yaani Serikali. Na katika miaka hiyo hiyo wako waliolivusha bahari kwa magendo kwenda pwani ya Kenya. Basi mchezo wetu ulikuwa baraza la sheha, usiku, baada ya magunia matatu ya karafuu kukamatwa ufukweni.

Karatasi saba tuliziandika kwa makini. Ya nane, ya mfanya magendo, tuliiandika upesi kuliko zote: "Wewe ni mhujumu wa uchumi. Ni mlafi. Huna huruma na taifa lako." Tukajiona tumetimiza wajibu.

Kijana aliyepewa karatasi hiyo alikaa barazani kimya. Sheha alipomwuliza aliinamisha kichwa. Alipoulizwa tena akacheka, na mchezo ukafa. Tulipomlaumu alitujibu kwa adabu: "Maalim, huyu mtu mmeshamhukumu. Mimi niseme nini tena?"

Neno lile lilituchoma. Usiku tuliisoma tena karatasi yetu tukautambua mwandiko wake: ulikuwa mwandiko wa jalada. Kwa zaidi ya miaka 25 tumeandika ofisini habari za watu ambao hatukupata kukaa nao. Tunamkumbuka mjane mmoja aliyeomba aongezewe muda wa kulipa deni. Tuliandika kwamba hana sababu ya kutosha, tukatia sahihi, jalada likafungwa. Sababu yake hatukumwuliza.

Asubuhi tulianza upya. Safari hii hatukuandika kwamba yeye ni mtu wa namna gani, tuliandika yaliyomkuta. "Umerithi mikarafuu 12. Wachumaji sita wanakudai ujira wa pishi zao. Mvua iliinyeshea karafuu yako juu ya majamvi, ikapoteza rangi, na bei yake ikashuka. Mwanao yuko hospitali. Mwenye mashua ni shemeji yako, na umeapa kwamba hutamtaja. Unajua kwamba magendo ni kosa, na unayaogopa macho ya mama yako kuliko jela."

Jioni ile kijana yule yule alisema mpaka sauti ikamkauka. Alidanganya, akakamatwa kwa uongo wake, akalia, akakiri. Lakini shemeji yake hakumtaja. Msichana aliyekuwa sheha alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kosa ni kosa, na magunia hayarudi. Lakini hawa wachumaji nani atawalipa?" Swali hilo halikuwamo katika karatasi yoyote kati ya zile nane. Wazee waliokuja kutazama wakaanza kulijibu wakiwa pale pale walipoketi, na baraza la mchezo likageuka kuwa baraza la kweli. Magendo hayakuhalalishwa hata kidogo. Yalifahamika, na jambo lililofahamika ndilo linaloweza kutafutiwa dawa.

Kwa hiyo tunawashauri walimu waujaribu mchezo huu, na karatasi waziandike wanafunzi wenyewe. Wamwandikie mhusika haja yake, deni lake, hofu yake na siri yake, pamoja na jambo moja analolihitaji kutoka kwa mwenzake. Sifa na lawama waziache nje. Sifa humfunga mchezaji mdomo, haja humfungua. Na hukumu ni ya baraza, si ya kalamu.

Wengi wa wanafunzi hao watakuja kukaa katika viti vya ofisi kama tulivyokaa sisi, na majalada yatapita mikononi mwao. Atakayekwisha kuivaa nafsi ya mwenye shida, hata kwa jioni moja, huenda siku hiyo akaiweka kalamu chini kwanza, akamwambia mtu aliyesimama mbele yake: "Karibu uketi, unieleze."