Kanisa la Kilima cha Amani

Msafiri atokaye Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla jijini Kampala, akishika barabara ipandayo magharibi hukifikia kilima cha Namirembe, jina litokanalo na neno la Kiganda lenye maana ya amani. Lakini makanisa ya hapo hayakupata amani upesi. Lile la miti na matete la mwaka 1892 liliangushwa na tufani mwaka 1894. Lile la matofali, lililowekwa wakfu mwaka 1904, liliezekwa kwa nyasi. Radi ikaliteketeza mwaka 1910. Waumini hawakukata tamaa. Walijenga tena kwa matofali ya kuchoma, safari hii bila nyasi juu. Liliwekwa wakfu mwaka 1919, nalo lingali limesimama. Ndugu msomaji, ukuta imara hauiokoi nyumba yenye paa dhaifu.