Nyamianda: Simu ilihesabu nyumba, ikasahau chungu

« Mwanangu, simu yako imetumeza. » Maneno hayo binti mmoja wa kata ya Nyamianda, hapa Uvira, aliambiwa na mama mhamishwa siku ya mgao, mbele ya foleni nzima. Hakuwa na jibu.

Binti huyo anafanya kazi ya kuandikisha familia. Shirika moja la kiutu lilimpa simu na beji, naye akapita avenyu kwa avenyu. Swali la kwanza katika simu lilikuwa hili: « Katika nyumba hii mnaishi watu wangapi? » La pili: « Mkubwa wa nyumba anaitwa nani? » Mama yule alikuwa amekimbia uwanda wa Ruzizi na watoto watano, wakapokelewa na mvuvi mmoja. Wote pamoja chini ya mabati yale walikuwa watu 13. Binti akaandika 13, akaweka jina la mvuvi. Siku ya mgao jetoni ikatoka moja, kwa jina la mvuvi. Mvuvi hakuwa mtu mbaya, alimgawia mama unga kidogo. Lakini kwenye orodha, mama na watoto wake hawakuwepo.

Wakaaji wa Uvira wanajua uzito wa orodha. Tangu usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, wengi walijifunza kwamba asiyeandikwa hana turubai.

Kosa lilitoka wapi? Maswali yaliandikwa kwanza kwa Kifaransa, na neno « ménage » likageuzwa kuwa « nyumba ». Kwetu nyumba ni kuta na mabati. Wanaokula pamoja ni wale wa chungu kimoja, na kwa mvuvi yule kulikuwa na vyungu viwili. Binti aliviona vyote viwili mekoni, lakini simu haikuwa na mahali pa kuviandika.

Usiku ule alinunua mega, akatafuta maswali yale yanatengenezwa namna gani. Alichokikuta kilimshangaza. Fomu nzima ni jedwali la kawaida la kompyuta: ukurasa mmoja wa maswali, ukurasa mwingine wa majibu ya kuchagua, na kila lugha ina safu yake. Tena kuna mwongozo, wazi kwa kila mtu, bila malipo.

Mwongozo huo una historia yake. Tarehe 5 Novemba 2007, kampuni ya Google na wenzake walitangaza mfumo mpya wa simu uitwao Android. Wiki moja baadaye, tarehe 12, walitoa vifaa vya kutengenezea programu zake pamoja na maelezo ya kuvitumia. Wakati huo hapakuwa na simu hata moja ya Android dukani. Ya kwanza iliuzwa Marekani Oktoba 2008. Waliotaka kujifunza walipewa simu ya mfano, inayofanya kazi ndani ya kompyuta. Mtu aliweza kutengeneza programu na kuijaribu kabla ya kuishika simu yenyewe.

Walioshika nafasi hiyo mapema ni watu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, pamoja na mwalimu wao Gaetano Borriello. Mwaka 2008 walianza programu ya ODK, inayouliza maswali na kuhifadhi majibu hata pasipo na mtandao, kisha kuyatuma mtandao ukipatikana. Nchini Kenya, watu wa mpango wa afya wa AMPATH, Eldoret, waliitumia wakipita nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa nayo iliachwa wazi, wengine walijenga juu yake KoboToolbox, ambayo mashirika mengi ya kiutu yanaitumia leo. Kila aliyejenga aliacha maelezo kwa anayemfuata.

Maelezo hayo ndiyo binti wa Nyamianda aliyasoma, kwa Kiingereza cha sekondari na kamusi pembeni. Ilimchukua usiku tatu. Akapata namna ya kurudia fungu la maswali kwa kila familia iliyo chini ya paa moja. Kisha akafuta swali la kwanza, akaandika: « Katika nyumba hii kuna vyungu vingapi? Wanaokula chungu cha kwanza ni nani? »

Mkubwa wake wa kazi alikataa mwanzoni, akisema fomu inatoka juu. Binti hakubishana. Alimpeleka kwa mvuvi, akamwonyesha meko mbili. Mkubwa akakubali ijaribiwe kwenye avenyu moja. Nyumba ya mvuvi ikatoa familia mbili, na mama akaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Mgao wa kwanza ulikuwa umekwisha pita. Hakuna aliyemrudishia unga ule.

Binti anasema mama yule hamsalimii kama zamani, naye hamlaumu. Lakini sasa, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, anamsomea kila mtu majibu yake kwa sauti.

Kwa familia zilizohamishwa, na kwa jamaa zinazowapokea, jambo la kukumbuka ni hili: anayekuandikisha akimaliza, mwombe akusomee alichoandika. Uliza jina lako limewekwa chini ya nani. Kama mnapika mbali, mwambieni mapema. Simu haijui kitu ambacho hakuna aliyeiuliza, lakini swali liliandikwa na mtu, na mtu anaweza kulisahihisha.