Diski Iliyogoma Kusomeka



Jumatatu ya wiki iliyopita, siku ambayo kwa kawaida tunapumzika, tuliketi mbele ya kompyuta ya nyumbani tukiwa na nia moja tu: kumsikiliza mama yetu. Mama alifariki mwaka 2019. Miaka mitatu kabla ya hapo tulimrekodi, vipande 41 kwa jumla, akisimulia utoto wake, kuhamia kijijini mwaka 1974, na habari za ukoo. Ndugu zetu walikuwa waje Jumamosi kwa ajili ya kumbukumbu yake, nasi tulitaka waisikie sauti hiyo.

Sauti zilikuwa katika diski ya nje, ile ndogo inayoenea kiganjani. Tulipoichomeka taa iliwaka, ikafuata tik, tik, tik, kisha kimya. Kompyuta haikuonyesha kitu. Tuliichomoa na kuichomeka tena mara nne, jambo ambalo sasa tunajua lilikuwa kosa.

Ndipo tukakumbuka lililotutoa jasho. Mwezi Januari, kompyuta ilipojaa, tulizifuta sauti zile humo ndani tukijiambia kwamba nakala ipo kwenye diski. Ndugu msomaji, tangu dakika ile hapakuwa na nakala tena. Palikuwa na kitu kimoja tu, nacho sasa kilikuwa kinagonga.

Tulimpigia simu fundi, kijana tunayemfahamu tangu akiwa mtoto. Hakuuliza habari za virusi wala za programu. Aliuliza, "Padri, mmechomeka tundu la mbele au la nyuma? Na waya una urefu gani?" Tundu lilikuwa la mbele, na waya ulikuwa mrefu, wa kuazima. Akatueleza kwamba diski ndogo za namna hii hazina adapta yake. Hunyonya umeme kupitia waya huohuo wa USB. Tundu la USB 2.0 hutakiwa kutoa miliampia 500, lile la USB 3.0 miliampia 900, na diski inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine. Waya mrefu au hafifu hupunguza hata hicho kidogo, nayo diski hujaribu kuamka, ikashindwa, ikajaribu tena. "Hamisheni nyuma, kwa waya mfupi," akasema. "Ikiendelea kugonga, zimeni na msiiguse. Huenda kichwa kinachosoma kimeharibika, na kila mkiiwasha mnazidi kuikwaruza."

Tulihamisha. Haikugonga. Diski ikazunguka kwa mvumo mmoja, mtulivu, nasi tukapumua.

Tulipumua mapema mno. Dirisha likatokea kwenye kioo likisema kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na chini yake kitufe cha kukubali kikiwa tayari kabisa kubonyezwa. Tulipomsomea fundi maneno hayo, alipaza sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake: "Msikubali!" Kufomati ni kuanza orodha mpya ya yaliyomo. Mafaili huenda yakawa bado yamo, ila kompyuta haitajua tena yalipo, na chochote kitakachoandikwa baadaye kinaweza kuyafunika. Baadaye tulikumbuka kwamba mara ya mwisho umeme ulikatika tukiwa katikati ya kunakili picha. Orodha ile iliandikwa nusu.

Fundi alikuja Jumanne na diski kubwa zaidi. Hakugusa kitu kwenye diski yetu kabla ya kuinakili nzima, kipande kwa kipande, kazi iliyochukua usiku mzima. Kwa maana programu za kurekebisha huandika juu ya diski zinazoirekebisha, na marekebisho yakienda kombo hakuna pa kurudi. Kisha akaifanyia kazi ile nakala. Katika sauti 41, 38 zilifunguka.

Sasa tunafuata kanuni aliyoieneza mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Ya kwetu imo safarini kwenda kwa dada yetu. Diski ya akiba haikai tena imechomekwa mchana kutwa, kwa sababu programu haribifu kama WannaCry ya Mei 2017 hufunga kwa siri mafaili mengi inayoyafikia, na diski iliyounganishwa nayo hufikiwa. Tena, kila tunapomaliza kunakili tunafungua faili moja au mawili na kuyasikiliza. Wengi wetu tuna nakala ambazo hatujawahi kuzifungua.

Kati ya zile tatu zilizopotea, mbili zilikuwa fupi, za kujaribu kinasa sauti. Ya tatu ndiyo ambayo mama aliwataja watoto wake sita waliofariki wakiwa wachanga, kabla sisi hatujazaliwa. Vitabu vya parokia bado tunaviandika kwa wino, na Jumamosi, ndugu walipokusanyika, tulileta daftari na kalamu mezani. Sisi tuliyakumbuka majina manne. Dada yetu alilijua la tano. La sita, shangazi anasema huenda yuko mzee mmoja kule kijijini anayelikumbuka, nasi tunasafiri Jumatatu ijayo kwenda kumuuliza.